Kabla ya Kununua Dawa ya Kuacha Kokeini, Methamfetamini au Mirungi

Mazungumzo ya mfamasia mbele ya wazazi, walezi na watumiaji wa huduma za afya



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo sisi wafamasia huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mama au dada aliyesubiri hadi wateja wengine waondoke dukani. Swali lenyewe ni hili: "Je, ipo dawa ya kumwachisha mtu kokeini?" Mwingine hutaja methamfetamini, mwingine mirungi. Anayeuliza huwa amekwisha kuuza kitu au kukopa kwa jirani, na fedha anayo mkononi. Kwa hiyo jibu atakalopewa litaamua fedha hiyo iende wapi, na pengine litaamua hatima ya mgonjwa wake.

Jibu langu nitalitoa sasa hivi, ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aondoke nalo. Kwanza, hadi leo hakuna kidonge, sindano wala dawa ya maji iliyothibitishwa kuwa inaponya uraibu wa kokeini, methamfetamini au mirungi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, nchi ambako dawa nyingi za aina hii zimefanyiwa majaribio, haijaidhinisha hata moja kwa kazi hiyo. Pili, tiba ipo, na watu hupata nafuu na kurudi kazini na katika familia zao. Tatu, zipo dawa ambazo daktari anaweza kuzitumia kwa sababu maalumu, ndani ya tiba hiyo. Mambo haya matatu hayapingani. Kazi yangu leo ni kueleza yanavyokaa pamoja, ili atakayewaendea na chupa na ahadi awakute mkiwa tayari kumuuliza.

Vichangamshi hufanya nini mwilini

Kiswahili chetu kina neno moja, dawa, linalobeba mizigo miwili: dawa ya kutibu na dawa ya kulevya. Nikisema dawa peke yake leo, nina maana ya dawa ya kutibu.

Dawa za kulevya hazifanani. Heroini humtuliza na kumsinziza mtu. Vichangamshi humwamsha, humpandishia mapigo ya moyo, humwondolea njaa na usingizi, na humpa hisia kwamba ana nguvu zisizoisha. Kokeini hutoka katika majani ya mmea wa koka wa Amerika ya Kusini. Methamfetamini hutengenezwa kwa kemikali. Mirungi, ambayo wenzetu wa Kenya huiita miraa, ni majani na machipukizi ya mti unaoota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Sheria ya Tanzania inaikataza mirungi. Nchini Kenya ni zao la biashara linaloruhusiwa. Tofauti hiyo ya sheria haibadilishi kemia yake. Ndani ya jani bichi mna kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini, na kwa kuwa nguvu yake hupungua jani linapokauka, mirungi hufungwa katika majani ya mgomba na kusafirishwa upesi.

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini. Seli moja huitoa ili kuiambia nyingine kwamba jambo hili ni jema, lirudiwe: chakula baada ya njaa, kicheko cha mtoto, mshahara baada ya kazi. Ujumbe ukishafika, dopamini hurudishwa ndani ya seli ilikotoka. Kokeini huuziba mlango wa kurudia, nayo dopamini hubaki nje ikiendelea kupiga kelele. Methamfetamini hupita mlangoni, huingia ndani na kuisukuma nje kwa wingi. Kathinoni hufanya kazi inayofanana na ya methamfetamini, kwa nguvu ndogo zaidi.

Ubongo unaopigiwa kelele kila siku hujilinda kwa kupunguza usikivu. Ndipo mtu aliyeacha huona kwamba chakula hakina ladha na mtoto wake mwenyewe hamfurahishi. Siku za mwanzo hulala sana, hula sana, hukasirika upesi na huzama katika huzuni. Kuacha vichangamshi kwenyewe kwa kawaida hakuui, lakini huzuni hiyo inaweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua. Familia isiyajue haya kama uvivu au kiburi. Ni kipindi cha kumkaa karibu, na akitamka kwamba hataki kuishi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini methadoni haifai hapa

Wengi wenu mmesikia habari za methadoni. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa kwa watu wenye uraibu wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoa mingine. Kenya nayo imeitoa Nairobi, katika hospitali ya Mathari, na Malindi. Watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wameonekana wakirudi kazini. Kwa hiyo ni haki kabisa mzazi kuuliza: kama kijana wa jirani alipewa methadoni, wangu wa kokeini anyimwe kwa nini?

Sababu ni hii. Heroini hukaa juu ya vipokezi maalumu vya ubongo, kama ufunguo katika kitasa. Methadoni ni ufunguo unaoingia katika kitasa hicho hicho, lakini huingia polepole na kukaa muda mrefu, hivyo mgonjwa hapati arosto wala hatafuti kete. Kokeini, methamfetamini na mirungi havipiti katika kitasa hicho. Ukimpa methadoni mtu asiyetumia heroini, hutibu chochote. Unampa utegemezi mpya, na unaweza kumzuia kupumua. Watu wamekufa kwa methadoni waliyopewa na rafiki kwa nia njema.

Wapo wanaotumia heroini pamoja na kokeini. Hao methadoni huwasaidia kwa upande wa heroini tu, na wanapaswa kuwaeleza wahudumu wa kliniki ukweli wote. Kliniki inayojua nusu ya habari hutibu nusu ya ugonjwa.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Haja ya kupata dawa ya uraibu ni ya zamani, na historia yake ina somo kali. Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Sigmund Freud, aliandika akiisifu kokeini, ambayo wakati huo ilikuwa kitu kipya, na akaitaja kuwa msaada kwa watu waliozoea mofini. Rafiki yake, Ernst von Fleischl-Marxow, alikuwa akitumia mofini kwa sababu ya maumivu ya mkono. Alipewa kokeini ili aiache. Hakuiacha mofini, akawa na uraibu wa vyote viwili, na alifariki mwaka 1891. Freud hakuwa tapeli. Alimpenda rafiki yake, na aliamini alichokiandika. Alichokosa ni kusubiri ithibati. Basi mjue kwamba hata mtu mwenye elimu na upendo anaweza kukupa dawa mbaya, endapo amevutwa na matumaini kuliko vipimo.

Tangu wakati huo watafiti wamejaribu mengi. Wamejaribu dawa za sonona, dawa za kifafa, dawa za kulegeza misuli, hata dawa ya kumchukiza mtu pombe. Nyingi zilionekana kuwa na matumaini kwa watu wachache, kisha zikashindwa zilipopewa watu wengi. Imejaribiwa pia chanjo ya kokeini, ili damu iwe na kingamwili za kuikamata kokeini kabla haijafika kwenye ubongo. Wazo lilikuwa zuri, lakini watu wengi waliochanjwa hawakujenga kingamwili za kutosha.

Wengine wameshika msemo wetu kwamba dawa ya moto ni moto, wakajaribu kuwapa wagonjwa vichangamshi vya hospitali, vile vinavyotumika kwa matatizo ya umakini, kwa kipimo kinachodhibitiwa. Njia hii ina dalili za kusaidia baadhi ya watu, lakini ni kazi ya mabingwa wenye vifaa vya kufuatilia moyo na matumizi ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba deksamfetamini isitolewe kwa ajili hii katika vituo visivyo vya kibingwa. Duka la dawa la mtaani halimo kabisa katika hesabu hiyo.

Kuhusu methamfetamini, habari njema zaidi ilitoka mwaka 2021. Watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 403 lililodumu wiki 12. Wengine walipewa dawa mbili kwa pamoja: sindano ya naltreksoni inayokaa mwilini kwa muda mrefu, kila baada ya wiki 3, na vidonge vya bupropioni kila siku. Wengine walipewa sindano na vidonge visivyo na dawa ndani. Aliyehesabiwa kuwa ameitikia tiba ni yule ambaye angalau vipimo vyake vitatu kati ya vinne vya mkojo, mwishoni mwa hatua ya jaribio, havikuonyesha methamfetamini. Kwa waliopata dawa, walioitikia walikuwa asilimia 13.6. Kwa waliopata visivyo na dawa, walikuwa asilimia 2.5.

Tuisome hesabu hiyo pamoja, kwa sababu muuzaji atakusomea upande mmoja tu. Atasema, "Dawa hii imezidi isiyo dawa mara tano." Ni kweli. Lakini weka watu 100 mbele yako. Kati ya waliopewa dawa, kiasi cha 14 waliitikia na 86 hawakuitikia. Kati ya wasiopewa, kama 3 waliitikia hata hivyo. Faida ya dawa ni watu 11 katika 100, yaani inabidi kuwatibu watu 9 ili mmoja zaidi aitikie. Kwa ugonjwa usiokuwa na dawa, hilo si jambo dogo, na kwa familia ya huyo mmoja ni jambo kubwa. Hata hivyo haliitwi "tiba ya uhakika". Anayekuambia uhakika anakuuzia neno.

Kumbukeni pia kwamba naltreksoni iliyotumika ilikuwa ya sindano ya muda mrefu, na mgonjwa alikuwa akionana na wahudumu mara kwa mara. Mtu akikuuzia vidonge kwa siri na kukutajia jaribio hilo, anakuuzia kitu kingine kwa jina la kitu hicho.

Majaribio mawili madogo yaliyofanyika San Francisco yalionyesha pia kwamba mirtazapini, dawa ya sonona, ilipunguza matumizi ya methamfetamini kwa baadhi ya watu, ijapokuwa wengi hawakuimeza kama walivyoelekezwa. Kwa kokeini pia hakuna dawa iliyothibitishwa. Kuhusu mirungi, majaribio yote niliyoyataja hayakuihusu. Kwa hiyo mtu asiyachukue matokeo ya methamfetamini akayabandika kwenye mirungi.

Pale ambapo dawa ina kazi ya kweli

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba daktari hana la kufanya. Dawa hufanya kazi katika mambo manne, na mjue kuyatofautisha.

La kwanza ni hatari ya ghafla. Mtu aliyetumia kichangamshi akapata maumivu ya kifua, degedege, joto kali la mwili, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au kuchanganyikiwa kabisa, ni mgonjwa wa dharura. Hospitali ina dawa za kumtuliza na kumlinda moyo na ubongo. Mnapomsubirisha usafiri, mpunguzieni nguo, mpanguseni kwa kitambaa chenye maji, msimfunge kamba wala kumlalia kifuani. Mkifika, mwambieni mganga ametumia nini. Baadhi ya dawa za moyo huchaguliwa kwa kujua hilo, na uongo wa kulinda heshima ya familia unaweza kumgharimu uhai.

La pili ni akili kuvurugika. Methamfetamini, na wakati mwingine mirungi inayotafunwa kwa wingi, humfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini kwamba anafuatwa na maadui. Hali hiyo ina dawa, na mara nyingi huhitajika kwa muda mfupi. Si kila anayepata hali hiyo amerogwa, na si kila anayeipata atabaki nayo.

La tatu ni ugonjwa uliokuwepo tangu awali. Wapo walioanza kutumia kwa sababu ya sonona, hofu au msiba mzito. Ugonjwa huo ukipata tiba yake, kazi ya kuacha huwa nyepesi. Bupropioni na mirtazapini nilizozitaja zimesajiliwa katika nchi nyingi kwa ajili ya sonona. Daktari akizitumia kwa uraibu wa methamfetamini, anazitumia nje ya kazi iliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Anaruhusiwa, mradi akueleze hivyo, akuambie kwa nini, na akufuatilie.

La nne ni tumbaku. Wengi husahau kwamba nikotini nayo ni kichangamshi, na kwamba wanaotafuna mirungi mara nyingi huvuta sigara pamoja nayo. Hapa ndipo dawa ziko wazi. Shirika la Afya Duniani liliweka ubani na vibandiko vya nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza bupropioni na vareniklini. Mtu akikuambia kwamba hakuna kichangamshi chochote chenye dawa, amekosea. Kipo, nacho kinatumiwa na watu wengi sana.

Tiba iliyoonyesha nguvu kubwa zaidi

Pengine mtashangaa nikisema kwamba tiba iliyoonyesha matokeo bora kuliko zote kwa kokeini na methamfetamini haimo katika chupa. Ni mpango wa tuzo. Mgonjwa hufika kliniki kwa siku zilizopangwa, mara nyingi mara mbili kwa wiki, na hupimwa mkojo. Ukiwa safi, hupewa papo hapo tuzo ndogo, mfano hati ya kununulia chakula. Akiendelea kuwa safi mfululizo, tuzo hukua. Akiteleza, hatukanwi wala hafukuzwi. Hukosa tuzo ya siku hiyo na huanza tena chini. Idara ya Maveterani ya Marekani imekuwa ikiutumia mpango huu tangu 2011.

Wapo wanaouliza, "Tumlipe mtu kwa kuacha ubaya?" Ni swali la haki. Jibu ni lile nililolieleza kuhusu dopamini. Ubongo uliozoea malipo ya haraka ya kokeini hausikii ahadi ya afya njema ya mwaka ujao. Husikia jambo jema la leo, dogo na la hakika. Tuzo hiyo ni gongo la mtu aliyevunjika mguu. Hulitupa akishaweza kutembea.

Pamoja na mpango huo kuna ushauri nasaha unaomfundisha mtu kutambua saa, mahali na watu wanaomvuta kurudi, na kupanga atakachofanya kabla hajafika hapo. Na si lazima muanzie kwa bingwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtumiaji wa vichangamshi apewe mazungumzo mafupi, ya dakika 5 hadi 30, hata katika kituo cha afya cha kawaida, yanayogusa hali yake mwenyewe, kisha afuatiliwe. Kumbe mlango wa kwanza unaweza kuwa ule ule mnaouingia kutibiwa malaria.

Nanyi nyumbani mnaweza kuazima hekima hiyo. Msimpe fedha taslimu. Msifieni na kumtendea wema mdogo siku ile ile aliyohudhuria kliniki, na msisubiri hadi awe ameacha mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali sita kabla ya kulipa

Mfa maji haachi kutapatapa, na wafanyabiashara wasio waaminifu wanaijua mito wanayozama watu. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, ulizeni maswali haya sita.

1. Dawa hii inaitwaje? Takeni jina la kitaalamu la kilichomo ndani, si jina la kuvutia la kwenye lebo. Anayesema ni siri yake, mwacheni na siri yake.

2. Imesajiliwa, na imesajiliwa kwa ugonjwa gani? Dawa za hospitali nchini Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dawa iliyosajiliwa kwa kikohozi haijawa ya uraibu kwa kubandikwa karatasi nyingine.

3. Nani amempima mgonjwa? Dawa ya uraibu haiandikwi kwa simu kwa mtu asiyeonwa. Bupropioni, kwa mfano, inaweza kuleta degedege, na haimfai mwenye kifafa. Naltreksoni haimfai anayetumia heroini, methadoni au tramadoli, kwa maana itamtumbukiza ghafla katika arosto kali.

4. Mgonjwa mwenyewe amekubali? Jihadharini na unga unaouzwa ili utiwe katika chai au uji bila yeye kujua. Ukiwa na dawa ya kuchukiza pombe ndani yake, naye akanywa pombe, anaweza kupoteza maisha. Na akigundua, atawakimbia ninyi pamoja na tiba ya kweli.

5. Tutajuaje kama inafanya kazi, na lini? Daktari makini atakutajia muda na kipimo: siku za matumizi zimepungua, mkojo umekuwa safi, mgonjwa amelala. Tapeli atakutajia chupa ya pili.

6. Gharama yote ni kiasi gani, na ikishindikana nini kitafuata? Takeni risiti yenye jina la duka na jina la dawa. Risiti ndiyo ushahidi wenu mkihitaji kulalamika.

Swali la sita linazihusu pia nyumba za upataji nafuu. Zipo zinazofanya kazi njema. Kabla ya kumwacha ndugu yenu, ulizeni kama nyumba imesajiliwa, kama mtaruhusiwa kumtembelea, nani anatoa dawa, na akiugua usiku atapelekwa wapi. Minyororo, viboko na kunyimwa chakula si tiba mahali popote.

Naongeza onyo moja. Wanaokosa usingizi baada ya kuacha hutafuta diazepamu au tramadoli kwa jirani. Hospitalini diazepamu ina nafasi yake kwa muda mfupi, lakini mtaani hugeuka uraibu wa pili. Usingizi wa siku za mwanzo hurudi wenyewe kwa watu wengi. Usiporudi, aulizwe mganga.

Neno la mwisho

Mnaweza kuniambia kwamba nimewapokonya matumaini. Naona nimewapokonya chupa tu. Matumaini ya kweli ni haya: ubongo ulioumizwa na vichangamshi hupata nafuu kwa miezi kadiri mtu anavyokaa mbali navyo; kuteleza mara moja hakufuti hatua zilizopigwa; na utafiti wa dawa unaendelea, nao ukileta jibu, litapita katika usajili na hospitali, halitanong'onezwa stendi ya mabasi.

Basi mkikutana na yule mama aliyesubiri wateja waondoke dukani, akiwa na fedha yake mkononi, msimcheke wala kumkemea. Mwambieni aigawe fedha hiyo katika nauli ya kumpeleka mwanawe kituo cha afya kila wiki kwa miezi mitatu, na aende naye, akae naye kwenye benchi. Hapo atakuwa amenunua kitu ambacho kina ushahidi.

Sasa nayapokea maswali yenu, na mwenye swali asiloweza kuliuliza mbele ya watu, nitabaki hapa baada ya wengine kuondoka.